Namna ya Kupeleka Programu Yenye Msimbo Huria kwenye App Store na Google Play Bila Kuvunja Leseni

Leseni ya GPL, leseni maarufu ya programu huria inayotaka msimbo uendelee kuwa wazi kwa kila anayeipokea programu, haikatazi biashara. Kifungu cha 4 cha toleo lake la 3 kinasema waziwazi kwamba anayesambaza nakala anaweza kutoza bei yoyote anayotaka, au asitoze chochote. Kwa hiyo mtengenezaji anayeambiwa kwamba programu huria haiuzwi dukani anapewa sababu isiyo sahihi ya tatizo ambalo lenyewe ni la kweli. Tatizo haliko kwenye bei, bali kwenye masharti ambayo duka linamwekea mtumiaji anapopakua programu, na kwenye swali la nani hasa ana mamlaka ya kuyakubali masharti hayo kwa niaba ya wote walioandika msimbo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtengenezaji anayefanya kazi peke yake au katika timu ndogo isiyo na mwanasheria, na unampitisha katika mambo anayopaswa kuyamaliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Palipo na fedha nyingi au mkataba na taasisi, wakili wa hakimiliki bado anahitajika, lakini hata huyo atakuuliza maswali haya haya.

Mgongano wenyewe ulipo

GPL toleo la 2, iliyotolewa Juni 1991, inasema katika kifungu cha 6 kwamba kila anayepokea programu anapokea pia, moja kwa moja kutoka kwa wenye hakimiliki, ruhusa ya kuinakili, kuisambaza na kuibadilisha, na kwamba msambazaji hana ruhusa ya kumwekea mpokeaji vizuizi zaidi juu ya haki hizo. Toleo la 3, la tarehe 29 Juni 2007, linarudia katazo hilo katika kifungu cha 10. Kwa upande mwingine, mkataba wa kawaida wa mtumiaji wa App Store unampa mtumiaji leseni isiyohamishika, inayohusu vifaa vya Apple anavyovimiliki au vilivyo chini yake, na unamkataza kuisambaza programu au kuibadilisha. Faili analopakua limefungwa kwa kufuli la kidijitali liitwalo FairPlay, kiasi kwamba hata akitaka kumpa jirani yake nakala, haitafanya kazi kwenye simu ya jirani huyo. Leseni inamwambia msambazaji asiongeze kizuizi, na duka linaongeza vizuizi kwa maandishi na kwa mitambo. Mtengenezaji amesimama katikati, na kisheria yeye ndiye aliyeahidi pande zote mbili.

Mkataba huo wa Apple una maneno yanayolegeza makatazo ya kunakili na kubadilisha pale ambapo leseni za vijenzi huria vilivyomo zinaruhusu. Wapo wanaoyachukua maneno hayo kuwa suluhisho kamili. Kwa maoni yangu yanasaidia upande wa maandishi tu, kwa sababu hayafungui kufuli la FairPlay wala hayaondoi kanuni za matumizi za duka zenyewe. Hayatoshi kumtuliza mwenye hakimiliki ambaye hakuulizwa.

Yaliyoipata VLC

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha kichezeshi cha video cha VLC. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Applidium ilitengeneza toleo la iPad na likaingia App Store Septemba 2010. Wakati huo VLC yote ilikuwa chini ya GPL toleo la 2. Mwezi uliofuata Rémi Denis-Courmont, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa VLC na mwenye hakimiliki ya sehemu ya msimbo wake, aliiandikia Apple akieleza kwamba masharti ya duka yanavunja leseni. Januari 2011 Apple iliiondoa programu. Haikubadilisha masharti yake, kama ambavyo haikuyabadilisha Mei 2010, pale Free Software Foundation, taasisi iliyoandika GPL, ilipolalamika kuhusu mchezo wa GNU Go uliokuwa umewekwa dukani na watu wengine. Mchezo ule nao uliondolewa.

Angalia ni nani aliyesimamisha VLC. Hakuwa hakimu, wala hazikuwa kura za wachangiaji. Alikuwa mtu mmoja mwenye sehemu yake ya msimbo, na wenzake wengi walitamani programu ibaki. Katika mradi wa GPL ambao kila mchangiaji amebaki na hakimiliki yake, ridhaa ya walio wengi haimfungi aliyekataa.

Kurudi kulichukua muda. Mradi wa VideoLAN, unaotengeneza VLC, uliamua kubadili leseni ya injini yake kutoka GPL kwenda LGPL toleo la 2.1, ndugu ya GPL yenye masharti mepesi zaidi, kazi iliyotangazwa kukamilika Desemba 2011, kisha Novemba 2012 ukatangaza kwamba moduli nyingi za kuchezesha nazo zimehamishwa. Jean-Baptiste Kempf, aliyeongoza kazi hiyo, alilazimika kuwatafuta mamia ya watu waliowahi kuchangia, wengine kwa mistari michache miaka mingi nyuma, na kuomba ridhaa ya kila mmoja. VLC ilirejea App Store Julai 2013, safari hii msimbo wa programu ya iOS ukiwa na leseni mbili kwa pamoja, MPL (leseni ya Mozilla) toleo la 2 na GPL toleo la 2 au la baadaye, ili msambazaji achague inayomfaa.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo

Kazi yote inaanza na orodha, na orodha hiyo ni ndefu kuliko faili la maktaba ulilolijaza mwenyewe. Kila maktaba uliyoongeza imeleta nyingine nyuma yake, na hizo za nyuma ndizo zinazosahaulika. Flutter hukusanya matini za leseni za vifurushi vyake na kuzionyesha kwa ukurasa uliokwisha kuandaliwa ndani yake. CocoaPods hutengeneza faili la shukrani lenye leseni za kila kijenzi. Kwa Gradle na npm zipo zana za kutoa orodha kwa amri moja. Zitumie, lakini usiishie hapo. Zana husoma kile ambacho mwandishi wa kifurushi ametangaza, na haziwezi kujua kwamba kifurushi chenye leseni ya MIT kimebeba ndani yake faili la maktaba lililokompailiwa kutoka mradi wa GPL.

FFmpeg, maktaba ya kusimba na kuchezesha sauti na video, ni mfano mzuri wa jambo hili, maana imo katika programu nyingi zinazogusa sauti au video. Kwa kawaida FFmpeg iko chini ya LGPL toleo la 2.1 au la baadaye. Aliyeikompaili akiweka swichi ya --enable-gpl, FFmpeg nzima aliyoipata inakuwa chini ya GPL, na swichi hiyo inahitajika ili kuingiza x264, kisimbaji cha video kinachopendwa sana. Jina la kifurushi halibadiliki na programu yako inafanya kazi vilevile. Kilichobadilika ni wajibu wako wote. Endesha ffmpeg -version kwenye nakala iliyotoka katika ujenzi huo huo, au soma hati ya ujenzi ya kifurushi, na utafute mstari wa usanidi unaoorodhesha swichi zilizotumika. Ukiikuta --enable-gpl, mara nyingi unaweza kujenga upya bila hiyo na kutumia visimbaji vya mfumo wenyewe, yaani VideoToolbox kwenye iOS na MediaCodec kwenye Android, ambavyo FFmpeg inavifahamu. Ukiikuta --enable-nonfree, FFmpeg hiyo haisambaziki kabisa, dukani wala penginepo.

Orodha ijumuishe pia fonti, aikoni, sauti na data za ramani, kwa kuwa nazo zina leseni zake. Na msimbo uliochukuliwa kwenye hazina ya umma isiyo na faili la leseni haumaanishi kwamba ni wa bure. Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na Tanzania, kwa sheria yake ya 1999, zinalinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za uandishi, na pasipo ruhusa haki zote zinabaki kwa aliyeandika.

Hatua ya pili: zigawe leseni kwa wajibu wake

Leseni za MIT, BSD na Apache hazigongani na duka lolote. Zinachodai ni kwamba matini ya leseni na jina la mwenye hakimiliki vimfikie mtumiaji, kwa hiyo skrini ya "Kuhusu" yenye orodha hiyo inatosha, pamoja na faili la NOTICE pale ambapo mradi wa Apache unalo. Ndiyo sababu ODK Collect, programu ya kukusanyia data inayotumika sana katika tafiti za Afrika Mashariki, inasambazwa kupitia Google Play bila shida, na KoboCollect imeweza kujengwa juu yake ikaingia duka lile lile: leseni yake ni Apache 2.0. Tahadhari moja tu: Apache 2.0 haiendani na msimbo ulio chini ya GPL toleo la 2 pekee, ingawa inaendana na toleo la 3. Ukizichanganya hizo mbili una mgongano hata kabla ya kufika dukani.

MPL toleo la 2, la Januari 2012, inastahili kufahamika zaidi kuliko inavyofahamika. Inadai kwamba mafaili yaliyo chini yake yabaki wazi, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya ndani ya mafaili hayo, lakini inaruhusu waziwazi programu iliyokompailiwa isambazwe kwa masharti mengine, mradi masharti hayo yasimpunguzie mtu haki zake juu ya msimbo wenyewe. Anayetaka kazi yake ibaki huria na wakati huo huo iingie App Store bila mabishano, na anayeanza mradi leo, naona hii ndiyo leseni ya kuifikiria kwanza. Firefox ya iOS iko chini yake.

LGPL iko katikati, na kwenye iOS inahitaji uangalifu. Inakuruhusu kutumia maktaba ndani ya programu iliyofungwa, kwa sharti kwamba mtumiaji aweze kuibadilisha maktaba hiyo na kuitumia iliyobadilishwa pamoja na programu yako. Tangu iOS 8 ya mwaka 2014 inawezekana kuiweka maktaba kama fremu inayojitegemea badala ya kuikompaili ndani ya faili moja kubwa, na hilo ni hatua nzuri, ila halimalizi wajibu, kwa sababu mtumiaji hawezi kubadilisha chochote ndani ya programu iliyotiwa sahihi na duka. Kinachofanywa na waangalifu ni kuchapisha, pamoja na msimbo wa maktaba, mafaili ya kati yaliyokompailiwa ya programu yao na maelekezo ya kuyaunganisha upya, ili mwenye Xcode, zana ya Apple ya kujengea programu, aweze kujenga nakala yake na kuiweka kwenye simu yake mwenyewe. Vilevile mkataba wako na mtumiaji usimkataze kuchunguza programu kwa ajili ya kurekebisha hitilafu za mabadiliko hayo; LGPL 2.1 inalidai hilo kwa maneno.

Kisha zinabaki GPL na AGPL, ndugu yake inayolenga programu zinazotumika kupitia mtandao, ambazo ndizo kiini cha mwongozo huu.

Hatua ya tatu: uliza hakimiliki ni ya nani

Mwenye hakimiliki hafungwi na leseni aliyoitoa mwenyewe. Ukiwa umeandika kila mstari wewe, unaweza kuuweka msimbo hadharani chini ya GPL na papo hapo ukaipa Apple haki ya kusambaza programu hiyo kwa masharti mengine. Huvunji leseni ya mtu yeyote. Ndiyo maana kuikuta programu yenye GPL ndani ya App Store si ushahidi kwamba GPL inakubalika humo. Aliyeiweka huenda ni mwenye mali.

Hali inabadilika siku unapopokea rekebisho la kwanza kutoka nje. Mchangiaji aliyekutumia mistari ishirini chini ya GPL amekupa haki zile zile alizompa kila mtu, basi, na haki hizo hazina ndani yake ruhusa ya kuongeza vizuizi vya duka. Mpangaji hawezi kumkaribisha mpangaji mwenzake kwa masharti ambayo mwenye nyumba hakuyakubali. Kwa hiyo kabla ya kupokea rekebisho hilo, amua utafanya lipi kati ya mawili: ama kila mchangiaji akubali makubaliano ya uchangiaji yanayokupa haki ya kutoa msimbo wake kwa leseni nyingine, ama mradi wenyewe uwe na idhini ya ziada kwa maduka tangu mwanzo, na michango yote iingie chini ya leseni pamoja na idhini hiyo. Njia ya kwanza inakupa mamlaka makubwa, na baadhi ya wachangiaji huikataa kwa sababu hiyo hiyo. Ya pili inawatendea wote sawa, nami naipendelea kwa miradi ya jumuiya.

Usisahau mwajiri. Msimbo ulioandikwa kazini mara nyingi ni mali ya mwajiri, na ulioandikwa kwa kandarasi hutegemea mkataba uliosainiwa. Anayetoa ruhusa lazima awe na cha kutoa.

Kuandika idhini ya ziada

GPL toleo la 3 liliweka mlango kwa makusudi. Kifungu cha 7 kinaruhusu wenye hakimiliki kuongeza ruhusa zinazolegeza sharti moja au zaidi la leseni, na ruhusa hizo zinahesabiwa kuwa sehemu ya leseni kwa msimbo wanaoumiliki.

Miradi inayojulikana imeutumia mlango huu kwa namna mbili tofauti. Maktaba ya usimbaji ya Signal iliyoandikwa kwa lugha ya C ilipewa ruhusa inayosema, kwa maana yake, kwamba ukitimiza masharti mengine yote ya GPL toleo la 3, ikiwemo kuutoa msimbo, unaruhusiwa pia kusambaza kupitia App Store ya Apple programu iliyokompailiwa, na hiyo iliyokompailiwa peke yake, chini ya MPL toleo la 2. Ni ruhusa fupi, inataja duka kwa jina, na haigusi msimbo: anayechukua msimbo bado yuko chini ya GPL. Nextcloud walifuata njia nyingine katika faili liitwalo COPYING.iOS. Wao wameandika kwamba wanafahamu masharti ya App Store yanaweza kupingana na GPL, na wameahidi kutomfuatilia yeyote ambaye kosa lake pekee ni lile linalotokana na mgongano huo, ilimradi ametimiza mengine yote.

Kati ya mbili hizo, ya kwanza ni imara zaidi. Ruhusa ni haki aliyopewa mpokeaji. Ahadi ya kutoshtaki inamfunga aliyeahidi, na mchangiaji ambaye hakuitia saini anaweza kudai kwamba haimhusu.

Ukiandika yako, itaje kwa jina leseni na toleo lake, duka au aina ya maduka, na sharti la kuendelea kuchapisha msimbo kamili wa kila toleo linalosambazwa. Iandike kwa Kiingereza, lugha ambayo GPL yenyewe ina nguvu ndani yake, hata kama ukurasa wa mradi ni wa Kiswahili, kisha uweke maelezo ya Kiswahili pembeni kwa ajili ya wachangiaji. Iweke kwenye faili la leseni lenyewe na uitaje mwanzoni mwa kila faili la msimbo. Kisha rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza: kama kuna maktaba moja ya GPL ya mtu mwingine isiyo na idhini kama hiyo, idhini yako haitoshi, maana huwezi kulegeza sharti la mali isiyo yako. Maktaba hiyo ama ibadilishwe, ama mwenyewe aombwe.

Msimbo wa GPL ukiwa wa wengine

Anza kwa kuomba. Miradi yenye mwandishi mmoja au wawili hujibu, hasa ukieleza unachotengeneza, ukaambatanisha maneno ya idhini yaliyokwisha kuandikwa, na ukabainisha kwamba msimbo wako wote utabaki wazi. Jibu liwe la maandishi na litoke kwa kila mwenye hakimiliki. Historia ya mabadiliko kwenye Git inaonyesha ni nani walioandika, na kuipitia kabla ya kuomba kutakuambia kama unatafuta watu watatu au mia tatu.

Ikishindikana, tazama kama kazi inayofanywa na maktaba hiyo inaweza kuhamia kwenye seva. Kuendesha programu ya GPL kwenye seva yako na kumpa mtumiaji majibu tu si kusambaza nakala yake. Hapa AGPL inatofautiana: kifungu chake cha 13 kinataka wanaotumia programu iliyobadilishwa kupitia mtandao wapewe nafasi ya kupata msimbo wake. Community Health Toolkit, inayotumika katika mifumo ya wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya, iko chini ya AGPL, kwa hiyo anayeirekebisha kwa ajili ya kaunti au shirika apange tangu mwanzo mahali pa kuweka msimbo aliourekebisha. Utengano wa simu na seva uwe wa kweli: sehemu mbili zinazozungumza kwa HTTP na zinazoweza kuishi kila moja kivyake. Kukata programu moja vipande viwili ndani ya simu ile ile hakubadilishi leseni.

Njia inayobaki ni kuiacha iOS na kutoa toleo la Android, au kurasa za wavuti zinazofunguka kama programu. Kwa watumiaji wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambao simu zao ni za Android, hasara ya uamuzi huo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Android ina mtego wake

Google Play inamruhusu mtengenezaji kumpa mtumiaji leseni yake mwenyewe, na Android imeruhusu kwa muda mrefu kuweka programu kutoka nje ya duka. Programu nyingi za GPL zimo Google Play na wakati huo huo zimo F-Droid, duka la programu huria lililoanza 2010. Lakini mambo mawili huwanasa watu.

La kwanza ni maktaba zilizofungwa. Programu iliyojengwa juu ya msimbo wa GPL wa mtu mwingine inapaswa yote kupatikana chini ya GPL, na huwezi kuutoa msimbo wa maktaba ya matangazo usiokuwa nao. Mtengenezaji anayechukua mchezo au kisomaji cha GPL, akaweka AdMob, maktaba ya matangazo ya Google, au maktaba nyingine zilizofungwa za Play Services, kisha akakipandisha dukani, amevunja leseni hata kama ameuweka wazi msimbo wake wote. Ni kosa la kawaida mno, na linawaumiza walioandika programu ya awali kwa hiari yao. Malipo kwa simu hayana shida hiyo yakifanywa ipasavyo: Daraja, kiunganishi cha M-Pesa kwa watengenezaji wa programu, huitwa kwa HTTP kutoka kwenye seva yako, kwa hiyo hakuna maktaba iliyofungwa inayoungana na msimbo wa GPL ndani ya simu. Kama kipato chako kinategemea matangazo na msimbo si wako, badili msimbo au badili njia ya kipato.

La pili ni sahihi. Tangu Agosti 2021 programu mpya za Google Play huwasilishwa kama kifurushi cha App Bundle, na Google ndiyo inayotia sahihi ya mwisho. Mtumiaji aliyejenga nakala yake kutoka kwenye msimbo wako atakuwa na sahihi tofauti, na Android itakataa kuiweka nakala hiyo juu ya ile ya duka; itabidi aifute ya duka kwanza, na data zake zifutike nayo. GPL toleo la 3 linamdai anayeuza au kukodisha kifaa cha watumiaji wa kawaida pamoja na programu ampe mtu maelezo yanayomwezesha kuweka na kuendesha toleo alilobadilisha; anayepandisha programu dukani tu halimbani kwa maneno, lakini lengo lake linafaa kuheshimiwa. Weka basi kitufe cha kuhamisha data nje na kuirudisha, na ueleze katika hati ya ujenzi namna ya kubadili jina la kifurushi ili nakala mbili zikae pamoja. Ni kazi ndogo inayomfanya mtumiaji aipate kweli haki ambayo leseni imemwandikia.

Kwenye iPhone jambo hilo ni gumu zaidi. Mwenye Mac na akaunti isiyolipiwa anaweza kujenga programu na kuiweka kwenye simu yake, lakini ruhusa hiyo huisha baada ya siku 7 na lazima aiweke tena; akaunti ya kulipia ni dola 99 kwa mwaka. Ukweli huu uandike katika maelekezo yako bila kuuficha. Maduka mbadala ya iOS yaliyoruhusiwa mwaka 2024 yamefunguliwa katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya sheria ya huko, na programu zake bado hupitia ukaguzi wa Apple, kwa hiyo hayamsaidii mtumiaji aliye Dodoma au Kisumu.

Kuhusu Microsoft Store, inatosha kujua kwamba mwaka 2022 ilipendekeza kanuni iliyoonekana kuzuia kutoza pesa kwa programu huria zinazopatikana bure kwingine, ikapingwa, na maneno yake yakarekebishwa. Miradi kama Krita, programu ya kuchora, huuza humo nakala rasmi ili kugharimia kazi.

Kabla ya kuwasilisha

Andaa msimbo wa toleo lile lile unalowasilisha. Tawi kuu linalobadilika kila siku halitoshi: weka alama ya toleo kwenye hazina, namba yake ilingane na ile inayoonekana dukani, na ujumuishe hati za ujenzi, kwa kuwa GPL huzihesabu kuwa sehemu ya msimbo. Jaribu kuujenga kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuushika mradi huo. Mara nyingi ndipo hugundulika faili la siri au maktaba iliyosahaulika.

Kwenye App Store Connect, badala ya kuuacha mkataba wa kawaida wa Apple, unaweza kuweka mkataba wako wa mtumiaji, mradi utimize masharti ya chini yaliyowekwa na Apple. Uandike useme kwamba kwa vijenzi vilivyo chini ya leseni huria, leseni hizo ndizo zinazotawala, na uweke anwani ya msimbo. Weka anwani hiyo hiyo kwenye maelezo ya dukani na ndani ya programu, mahali ambapo mtu asiye mtaalamu ataiona, maana mwenye haki ya kuupata msimbo ni aliyepakua programu, na huenda hajawahi kusikia neno Git.

Ukipokea barua ya malalamiko, acha kusambaza kwanza, kisha jibu. Chini ya GPL toleo la 2 haki zako hukoma zenyewe pale unapovunja leseni. Toleo la 3 lina huruma zaidi: mwenye hakimiliki akikujulisha kwa mara ya kwanza kwamba umevunja leseni kwenye kazi yake, na ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu upate taarifa hiyo, haki zako hurudi moja kwa moja. Tumia siku hizo kumwandikia aliyelalamika, ukimwonyesha orodha ya vijenzi, ukitaja faili linalomhusu na toleo ulilolisambaza, na kumuuliza kama atakubali idhini ya ziada au anataka msimbo wake uondolewe. Usiiandikie Apple au Google ukitaka waamue nani ana haki, kwa sababu kazi hiyo hawaifanyi. Wakipokea malalamiko ya hakimiliki ambayo pande mbili hazijayamaliza, kilicho rahisi kwao ni kuiondoa programu.